Ndala Mlangoni mwa Bafu

Jumatano, 3 Machi

Mdogo wangu Kiroboto,

Barua zetu huwa tunazianza kwa kusema sisi wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Leo naomba uigeuze. Mzima ni wewe huko kambini mlimani na greda lako la barabara, na hofu yote iko huku kwangu.

Nimeiona nyumba. Ni ya zamani kweli, ya chini, pembezoni mwa mji kule nyumba zilikoachana nafasi. Vyumba vitatu, sebule, jiko, bafu moja, na baraza mbele ambapo mama anaweza kukaa akaona watu wakipita. Haina ngazi hata moja. Nilipoona hivyo nusura nipige magoti pale langoni. Unajua anavyopanda hapa tunapopanga: anakwenda kidogo, anasimama, anashika kifua, ananiambia, "Tangulia, nakuja," kama vile mimi ni mgeni wake. Daktari amerudia tena kwamba moyo ule si wa kupandisha ngazi wala si wa kushtuliwa. Na mwenye jengo anataka tuwe tumetoka kabla mvua hazijaisha. Kwa hiyo nilikwenda nikiwa nataka kuipenda.

Wauzaji ni mwalimu mstaafu na mkewe. Wamelea watoto humo mpaka wote wakaondoka, sasa wanahamia kwa binti yao. Watu wapole. Mwalimu alinionyesha kila pembe kama anayeonyesha mjukuu.

Sasa nikuambie kilichonitisha, usinicheke. Wana mbwa. Alitufuata chumba hadi chumba, mkia unacheza. Tulipofika bafuni akasimama kizingitini, masikio yakalala, akatoa sauti ya chini kama mtoto aliyeambiwa nyamaza huku bado analia. Nikamuuliza mke wa Mwalimu, "Ana nini?"

"Huyo humo haingii, mama. Tangu mdogo."

"Kwa nini?"

"Mbwa na mambo yake."

Na hapo mlangoni mwa bafu zimepangwa ndala, kubwa kwa ndogo, utadhani ndani kuna mkutano. Akanisogezea jozi kwa mguu. "Vaa hizi. Humu kila mtu huvaa ndala." Ndani ni sakafu ya saruji, ukuta una unyevu, na bomba la chuma ambalo mkono wake wote umeviringishwa ukanda wa mpira wa baiskeli, mweusi, umekazwa kwa fundo. Sikuuliza. Nilikuwa nataka kutoka.

Mnyama huona vitu, Kiroboto. Humo bafuni mna kitu. Niambie nifanye nini, maana mama ameshaanza kuniuliza baraza inatazama upande gani.

Dada yako

*

Jumapili, 7 Machi

Dada Mkubwa,

Lori la chakula lilifika na barua yako ikiwa imelowa pembeni, nadhani ni mchuzi wa dereva na si machozi yako. Samahani nimecheka. Wewe ndiye uliyelikimbia joho la kwaya kwenye kamba ya nguo, ukarudi ndani ukatuambia kuna mtu mweupe hana kichwa. Mbwa akigoma kuingia bafuni maana yake aliwahi kuogeshwa. Basi.

Lakini sikudharau. Tunaweka humo kila tulichonacho, na ninayemweka humo ni mama. Kwa hiyo rudi, uikague nyumba kama ninavyoikagua barabara: kwanza uliza maji. Yakinyesha yanakwenda wapi? Simama nyuma ya nyumba, tazama kama ardhi inateremkia ukutani au inatoka. Tazama dari kila chumba, popote penye doa juu yake pana bati bovu. Chomoa pini yako ya kushonea uchome miimo ya milango, ikizama kirahisi ni mchwa. Funga na kufungua kila mlango. Unaokwama unakuambia ukuta umekaa vibaya. Nyufa ndogo ziache, ila ufa unaoingiza kidole niandikie. Washa taa zote. Fungua mabomba yote, nusa yanakotokea maji machafu.

Halafu, ukimaliza ya macho, fanya ya mama. Usiniambie umesahau. Kila nyumba tuliyowahi kuhamia alituvua viatu, akatunawisha mikono kwa maji ya nyumba ile ile, na kabla hatujajikausha akatushikisha kuta tuombe chumba kwa chumba. Kama humo mna kitu, kwa jina la Mungu kitajionyesha.

Simu bado haishiki huku, mlima umekaa mbele yetu kama mlango. Nategemea kalamu yako.

Mdogo wako

*

Jumatano, 10 Machi

Mdogo wangu,

Mkono unaoandika hapa si ule ulioandika wiki iliyopita. Soma taratibu.

Nilirudi jana. Nilifanya yote uliyosema. Ardhi inateremkia barabarani, vizuri. Miimo ni migumu, pini ilipinda. Mlango wa jiko unakwama kidogo, ya vyumbani yote inafunga. Taa zote zinawaka, hata ya barazani. Kuna doa la maji kwenye dari, juu ya bafu tu, limekaa kama sikio. Mwalimu anasema bati moja limeachia, anajua, atalipiga msumari.

Kisha nikawaomba ruhusa niombe. Walikubali kwa heshima, wakakaa barazani. Nikavua viatu mlangoni, nikanawa jikoni, nikaanza na sebule. Vyumba vikawa vyepesi, Kiroboto, niliona kabisa kitanda cha mama dirishani. Nikabakiza bafu. Nilisimama mbele ya zile ndala kwa muda. Nikasema, hapana, mbele za Mungu siingii na ndala za mtu. Nikaingia miguu mitupu.

Ukanda wa mpira ulinichukiza. Nilifikiri: kuna kitu wamekifunga humu, na mimi nimekuja kufungua. Mkasi unakuwa mfukoni mwangu siku zote, nikaukata. Nikalowesha mikono tena, nikashika chuma, nikafumba macho, nikaanza, "Bwana, kama nyumba hii ni yetu..."

Sikumaliza. Kilikuja. Kilianzia viganjani, kama nyuki wadogo wanatembea ndani ya mfupa. Sikuwa natetemeka mimi, nilikuwa natetemeshwa. Niliachia, kikaisha. Nikasimama pale nahema. Nikashika tena, kikarudi palepale, kwa upole, kama mtu anayeniambia: niko hapa, umeniita.

Nilianguka magoti. Nililia. Niliogopa, usifikiri sikuogopa. Tumeimba maisha yetu yote kwamba atuguse, na sijawahi kufikiri nitakachofanya akinigusa kweli. Hata mbwa sasa nimemwelewa. Nani asiyeogopa mahali kama pale?

Mke wa Mwalimu alipoona mpira chini alishtuka. "Umeukata, mama? Huo ulikuwa na kazi yake."

"Kazi gani?"

Akataka kusema, Mwalimu akamwita kutoka barazani, chai inapoa. Akaniambia tu, "Wewe vaa ndala, mwanangu." Mwanangu, na amenizidi miaka michache tu! Nadhani hajui anachoishi nacho humo.

Dada yako, ambaye bado anatetemeka

*

Jumapili, 14 Machi

Dada yangu Mkubwa,

Niliisoma nikiwa juu ya greda, nikazima mashine, nikashuka. Mimi niliyekucheka ndiye niliyekaa kwenye kokoto nikamwomba Mungu radhi.

Hakuna cha kusubiri tena. Mwambie Mwalimu tumekubali. Mwombe atuachie funguo wiki hii, mama aingie akae wakati karatasi zinaandaliwa. Ngazi zile zisimuue siku moja kabla ya baraka.

Na sikiliza hili, nimeliwaza usiku na mchana. Kilichokugusa wewe mzima kitamfanyia nini mgonjwa? Moyo wake madaktari wameutazama miaka, wanautazama tu. Mwingize bafuni. Mvue viatu. Mshikishe bomba kwa mikono yake miwili, na usimwachie aondoke haraka. Mwache akae nalo. Mimi nitafunga kula siku hiyo huku mlimani.

Mvua imeanza, daraja la chini linanung'unika.

Mdogo wako

*

Jumatano, 17 Machi

Mdogo wangu Kiroboto,

Mwalimu amekubali. Wanahama Ijumaa, funguo anatuachia, na Jumamosi mama anaingia. Wana wa jirani wa chini watambeba kwenye kiti mpaka kwenye gari. Amenituma nimpelekee kile kigoda chake kwanza, asije akakaa kwenye kiti cha watu.

Lakini nina hofu mpya, na siwezi kumwambia mama.

Jumatatu nilikwenda baada ya mvua kubwa. Doa la darini limekua, sikio limekuwa uso. Maji yanatiririka ukutani mpaka kwenye bomba. Nilishika, na safari hii haukuwa upole. Kilinipiga mpaka kiwiko. Mkono uliruka wenyewe, nikajikuta nimeegemea mlango, moyo unanienda mbio, na ladha kama ya msumari mdomoni. Nikajiuliza nimemkosea nini.

Jana nikarudi kumwomba radhi. Nilimkuta mke wa Mwalimu ananung'unikia friji lake, nyama inaharibika, umeme hakuna mtaa mzima tangu asubuhi. Nikaingia bafuni. Nikavua, nikalowesha, nikashika. Hakuna. Nikaomba kwa sauti. Hakuna. Chuma tu, baridi, kama chuma chochote. Kiroboto, sijawahi kuogopa hivyo. Kupigwa ni afadhali. Nimemfukuza kwa kuwaza vibaya Jumatatu?

Mke wa Mwalimu aliniona nikitoka na macho mekundu. Akanishika bega. "Mama, wewe na hilo bomba mna nini? Ukitaka maji chota kwa kopo. Sisi tunachota kwa kopo." Nikamwambia ni mambo ya imani. Akanyamaza. Watu wakisikia imani hunyamaza.

Kwa hiyo Jumamosi nitajitahidi kuliko siku zote. Nimewaza nimwekee mama miguu kwenye beseni la maji, asisimame kwenye saruji, miguu yake inavimba. Nitamkalisha kwenye kigoda, miguu ndani ya maji, mikono yote miwili kwenye chuma, na mimi nimshike mabega kwa nyuma. Hata akija kwa nguvu kama Jumatatu sitamwachia mama aanguke. Niombee asikatae kuja.

Dada yako

*

Ijumaa, 19 Machi, mchana

Dada, dada, dada yangu,

USIMSHIKISHE BOMBA. Kama umefungua barua hii na mama yuko bafuni, iache, kimbia, mtoe. Usimguse kwa mkono wako. Mvute kwa kitu kikavu, nguo, mti, chochote kisicho chuma wala maji. Halafu ndio urudi usome.

Nimepokea barua yako sasa hivi. Hapa tukila pamoja mchana kila mwenye ushuhuda husimama. Nilisimama nayo. Niliwasomea yote, nyuki ndani ya mfupa, kiwiko, ladha ya msumari, mpaka siku ambayo hakuja. Watu walikuwa wanasema amina. Fundi umeme wetu, tunayemwita Cheche, alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini.

"Rudia pale pa viatu," akasema.

Nikarudia.

"Na mikono ilikuwa mibichi?"

"Ndivyo tunavyoomba kwetu."

"Na siku asipokuja, umeme haukuwepo."

Nikamwambia ndiyo, ameutaja kwa sababu ya nyama ya frijini. Cheche hakucheka. Ningependa angecheka. Alisimama akasema mbele ya wote: "Ndugu yangu, hilo bomba lina umeme. Kuna waya umechubuka mahali unagusa paipu, na mvua inaulowesha. Wenye nyumba wanaponea ndala na mpira. Mama yako ana moyo gani?"

Nikamwambia.

Akasema, "Na miguu ataweka wapi?"

Nilimpa barua asome mwenyewe pale pa beseni. Aliishika akaondoka nayo mezani, akageuza uso.

Dada, ni mimi niliyekuandikia usimwachie aondoke haraka. Ni maneno yangu. Nayasikia kichwani kwa sauti yangu mwenyewe.

Lori halishuki mpaka Jumatatu, na daraja limekatika kwa magari. Nimeita ofisini kwa redio, wameshafunga, hakuna anayejibu. Mpima ardhi anashuka sasa hivi kwa pikipiki, atavuka kwa kubebewa pikipiki mabegani. Amembeba mgonjwa nyuma yake, hana nafasi ya mtu mwingine. Nampa barua hii. Mimi naanza kwa miguu sasa. Ng'ambo ya daraja nitapata gari. Nitapata.

Zima swichi kubwa, ile ya kwenye kisanduku. Mtoe mama nje. Kaeni barazani hata mkilowa.

Mungu wangu, kesho ni Jumamosi.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 20 Machi, jioni

Mdogo wangu,

Naandika karibu na dirisha, mwanga unakwisha na taa hakuna. Nguzo imeanguka kwa mvua ya jana, mtaa mzima hauna umeme.

Mama ameingia nyumbani kwake. Ungemwona! Alitaka kushuka kwenye gari mwenyewe. Mke wa Mwalimu alikuwa bado anatusubiri na funguo, akamvisha ndala kwa mikono yake, akamwambia, "Mama, humu ndani hizi usizivue." Mama akampenda hapo hapo.

Lakini nilimvua. Nilifanya kila kitu kama nilivyokuandikia. Kigoda, beseni, mikono. Nilimshika mabega. Niliomba mpaka sauti ikakauka, na nilikuwa nimejikaza, nikingoja kile kishindo cha Jumatatu.

"Unasikia chochote, mama?"

"Nasikia baridi."

"Mngojee, mama."

"Namngojea. Ila mwambie maji haya yana barafu."

Tulikaa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mwanangu, labda ana shughuli kwingine. Nitoe, mifupa inaniuma." Nilimfuta miguu nikimficha uso wangu. Hakuja, Kiroboto. Amekuja kwangu nisiyemhitaji sana, kwa mama hakuja. Ni mimi. Nimemtia hasira.

Mama amelala, fimbo yake iko kando ya kitanda. Amesema kesho asubuhi atakaa tena, kwa ajili yangu tu, maana ameona nilivyolia. Mafundi wako kwenye nguzo, jirani anasema kufikia alfajiri taa zitawaka. Na mimi nimeomba hivyo hivyo: alfajiri Naye arudi.

Dada yako

*

Jumapili, 21 Machi

Cheche ndugu yangu,

Nampa barua hii kondakta wa basi la kwanza, utaipata kwa lori. Ulikuwa sahihi kwa kila neno.

Nilifika saa za mchana, viatu vimebaki kwenye tope mahali fulani. Kutoka kona ya mtaa niliona taa ya baraza inawaka mchana, imesahauliwa. Umeme ulikuwa umerudi.

Mama alikuwa amekaa barazani. Peke yake. Fimbo amelaza mapajani. Ndala miguuni.

Nikaita, "Mama!"

Akasema, "Usipige kelele. Dada yako amelala."

"Amelala vipi, mama?"

Hakuelewa kwa nini nilishika nguzo ya baraza. Akarudia taratibu, kama kwa mtoto, "Amelala. Anapumua. Yule bibi mwenye nyumba alikuja kututazama, akamleta daktari."

Ni dada aliyeshika. Alitaka ajaribu yeye kwanza, aone kama Mungu amerudi, mama asije akakaa kwenye baridi bure tena. Alisimama ndani ya lile beseni la jana. Mkono ukashika, ukagoma kuachia. Mama alikuwa mlangoni anasubiri zamu yake, amevaa ndala kwa sababu yule bibi alimwambia asizivue. Alimwona mwanawe amekauka, macho wazi, hana sauti. Anasema hakufikiria umeme wala nini. Aliona kuna kitu kimemshika mtoto wake, akainua fimbo akapiga. Alipiga mkono ule mpaka ukaachia. Mti mkavu, Cheche. Fimbo ya mti mkavu, mikono ya mwanamke ambaye haruhusiwi kupanda ngazi.

Kiganja cha dada kimeungua na mfupa wa mkono umevunjika kwa fimbo. Amefumbua macho mara moja, akaniona, akayafumba tena.

Nimezima swichi kubwa. Mwalimu amekuja, amekaa uani na mbwa wake, hanyanyui uso. Anarudia tu, "Tulimwambia avae ndala. Sisi tulizoea." Watoto wake walikuwa wanaliita bomba la kutekenya, wakishindana nani atavumilia kugusa. Sijui nimfanye nini. Nimempa maji ya kunywa.

Njoo na vifaa vyako daraja likipitika. Sitamwamini mtu mwingine.

Dereva wa greda

*

Jumatano, 14 Aprili

Mdogo wangu Kiroboto,

Utaona mwandiko wa kuku. Ni mkono wa kushoto. Wa kulia bado umefungwa, na mama kila asubuhi anautazama akisema, "Nilipiga vizuri," kama fundi anayesifu kazi yake. Moyo wake? Unadunda kuliko wangu. Daktari amempima mara mbili hakuamini.

Barua yako aliyokuja nayo mpima ardhi ilifika Jumatatu ile, wewe umeketi mbele yangu, ukataka kuichana. Nimefurahi hukuichana. Naisoma nikitaka kukumbuka kuwa kuna mtu alikimbia.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa. Ulikaa kando ya kitanda changu ukijilaumu, na mimi sikuweza kuongeza. Sasa uko mbali, naweza.

Uliniuliza nilisikia maumivu gani. Maumivu siyakumbuki sana. Ninachokumbuka ni kwamba nilidhani ni Yeye. Mkono umeshikwa, siwezi kulia, siwezi kuita, na kichwani nikawaza: ni Yeye, amekuja kweli, na hanipendi. Niliwaza hivyo muda wote mpaka fimbo. Ndicho kinachoniamsha. Mama akiniuliza naota nini namwambia naota mvua.

Wiki tatu sikuomba. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nilikuwa nakaa kimya tu kitandani, kama unavyokaa kwenye chumba kimoja na mtu mliyegombana naye. Hata bomba la jikoni nililishika kwa kanga.

Jana Cheche amemaliza. Ametoa waya zote za zamani, zimejaa ua kama matumbo. Alinionyesha mahali panya walipotafuna, pale pale chini ya lile doa. Bati limepigwa msumari na Mwalimu mwenyewe, alipanda juu kwa ngazi akiwa na umri ule, hakuna aliyeweza kumzuia. Cheche akapima bomba kwa kidude chake, akapima tena, akaniita.

"Dada, njoo ushike."

Nikasema hapana.

"Mimi nimeshika. Tazama." Akavua viatu, huyo Cheche, akasimama kwenye maji, akashika kwa mikono yote miwili, akanitazama. Mbwa alikuwa mlangoni, Mwalimu huja naye siku hizi. Akanusa kizingiti, akanusa tena, akaingia akalala kwenye saruji.

Mama akatoa sauti kutoka barazani, "Anashika au hashiki? Nataka kujua kama nimepata nyumba."

Nikavua ndala. Miguu ilikuwa inatetemeka, safari hii yenyewe tu. Nilinyoosha mkono wa kushoto, nikarudisha, nikanyoosha. Nilisogeza kidole, kisha kiganja, nikafumba macho nikikisubiri.

Hakuna kitu, Kiroboto. Baridi tu. Nilikaza. Hakuna. Nilikaa pale nimeshika chuma, hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenipiga, maji yananidondokea mguuni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikafungua mdomo nikasema asante. Nikakumbuka Jumamosi ile nilipomlilia kwa nini hakuja, na mama miguu iko ndani ya beseni. Hapo ndipo Cheche alipolazimika kunishika.

Njoo ukipata likizo. Kitanda cha mama kiko dirishani. Ndala tumeziacha mlangoni, mama amekataa zitolewe.

Dada yako